Gemu ya mwanao: uvivu, au kazi inayokosa mtaji?

Lual Mayen alipomwambia mama yake kuwa anataka kompyuta, mama hakuwa na cha kumjibu. Walikuwa wakimbizi wa Sudan Kusini, wakiishi kambini kaskazini mwa Uganda. Mama akaendelea kushona nguo za watu na kuweka akiba kimyakimya kwa miaka mitatu, hadi zikatimia dola 300. Kijana akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuchaji. Alijifundisha mwenyewe kutengeneza gemu, akatoa Salaam, ambayo mchezaji wake ni mkimbizi anayekimbia vita. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye The Game Awards, Marekani.

Mzazi wa Kasulu au Kibondo haelezwi kambi ni nini. Mtabila ilihifadhi Warundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Leo kinachowasumbua wazazi wengi ni kibanda cha gemu, na chenji ya sukari isiyorudi nyumbani. Kijana akisema anataka kutengeneza gemu zake mwenyewe, mtaji atautoa wapi?

Finland ilijibu swali hilo kwa fedha za umma. Kampuni ya Supercell ilipoanza mwaka 2010, ilipata mkopo kutoka Tekes, shirika la serikali. Miaka miwili baadaye ikatoa Clash of Clans, ambayo huenda iko kwenye simu ya mwanao sasa hivi.

Kwetu fedha ya umma nayo ipo. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Tatizo ni marejesho. Kuku hutaga baada ya miezi michache na bodaboda huingiza fedha siku ileile, lakini gemu inaweza kumaliza mwaka mzima au zaidi bila kuuzwa hata mara moja. Kijana anayeikopea atakuwa anarejesha fedha ambazo hajazipata. Anachohitaji huyu ni ruzuku, na mlango wa kubisha ni COSTECH au mashindano ya MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 na kupokea hata wabunifu walio nje ya mfumo rasmi.

Hasara ya kutowekeza ilishaonekana Tanga. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti kwenye vijiji 170 vya mkoa huo, watoto wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Mei 2019 dola milioni 10 ziligawanywa kwa washindi wawili: onebillion, ya Uingereza na Kenya, na Kitkit School, ya Korea Kusini na Marekani. Mwanzilishi wa Kitkit, Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa gemu za biashara. Aligeukia programu za kujifunzia baada ya kuzaa mtoto mwenye ulemavu. Watoto walikuwa wetu, lugha yetu, lakini kati ya timu tano za fainali hakuna iliyotoka Tanzania.

Hofu ya mzazi kuhusu afya si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya kila kitu, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, WHO inashauri kioo kisizidi saa moja kwa siku. Walio chini ya mwaka mmoja, kisiwepo kabisa.

Kwa kijana mkubwa, muulize anachofanya akiwa na simu. Anayetaka kutengeneza huanza kuuliza maswali: nani aliichora, kwa nini mchezaji hapiti ukutani, kompyuta ya kujifunzia inauzwa kiasi gani.