Mdudu Anayekaa Ndani ya Jani la Tomati



Mama mmoja wa kikundi chetu, hapa bonde la Ruzizi, amenunua dawa mara tatu msimu huu. Aliona majani ya tomati yanakauka kama yamepitiwa na moto, akafikiri ni ule ugonjwa unaokuja na mvua. Muuzaji naye akampa dawa ya ugonjwa wa mvua. Tomati zikaendelea kuungua, na pesa za masomo ya watoto zikaishia kwenye pampu. Nilipofika shambani kwake nilichuma jani moja, nikaliinua mbele ya jua. Ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kulikuwa na kidudu kinatembea.

Kidudu hicho kinaitwa Tuta absoluta. Jirani zetu wa Tanzania wanakiita kantangaze. Kilitoka Amerika ya Kusini, kikaingia Hispania mwaka 2006, miaka miwili baadaye kikawa Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 kilikuwa kimekwisha kufika Kenya na Tanzania. Tomati zinapopita mpaka, nacho hupita ndani yake.

Mama yake ni kipepeo kidogo cha rangi ya majivu, hakifiki sentimita moja. Mchana anajificha kati ya majani, anaruka jioni na alfajiri. Anaweza kutaga mayai mpaka 260, na kwenye joto kama letu yai linakuwa kipepeo kabla mwezi haujaisha. Kiwavi anakula nyama ya jani na kuacha ngozi tupu, ndiyo sababu mnaona madoa mapana, meupe kama karatasi, yenye mavi meusi ndani. Mkiona mstari mwembamba unaopindapinda kama uzi, huyo ni mdudu mwingine, na hasara yake ni ndogo. Kiwavi mkubwa anayetoboa tundu pana kwenye tunda naye ni mwingine. Matundu ya Tuta ni madogo, mara nyingi karibu na kikonyo.

Sasa mnaelewa kwa nini dawa zinashindwa. Nyingi zinabaki juu ya jani, naye yuko ndani. Na ukirudia dawa ileile kila wiki, wanaobaki ni wale walioizoea.

Kazi ya kwanza ni ya mkono. Mara mbili kwa wiki chumeni majani na matunda yenye madoa, mtie katika sasheti, mfunge vizuri na kuiacha juani siku kadhaa, au mzike kwa kina cha mkono mzima. Msitupe pembeni mwa shamba! Mimi nilifanya hivyo msimu mzima, na viwavi vikatoka vikarudi. Jioni, beseni la maji yenye sabuni na taa juu yake litawaonyesha kama vipepeo wamefika. Mwenye mwarobaini atwange mbegu, aloweke usiku mmoja, achuje na kunyunyiza jua likishuka; husaidia viwavi vikiwa bado vidogo.

Ukilazimika kununua dawa, mwulize agronomu ile inayopenya jani, na usirudie moja tu. Soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuchuma. Tomati iliyopigwa dawa jana haifai sokoni leo, wala kwenye sahani ya mtoto.

Lakini neno gumu ni la ujirani. Baada ya mavuno, ng'oeni mashina yote, na msimu unaofuata pandeni mahindi, maharagwe au kabichi, si viazi ulaya wala biringanya, kwa maana huko pia anaishi. Hata mnavu wetu anaupenda, upandeni mbali. Mama yule aling'oa mistari miwili iliyoharibika zaidi. Jirani yake amekataa kung'oa shamba kuukuu, anasema bado anapata kikapu kimoja kila wiki. Sitamlaumu, kikapu hicho ndicho kinanunua chumvi na sabuni. Tunafikiri kikundi kimlipe kikapu chake kwa wiki tatu, shamba ling'olewe.

Tutalizungumza kwenye mkutano wa Jumamosi. Kila mama aje na jani moja la shamba lake, tuliinue juani pamoja.