Kipaji cha Kiungo na Karatasi za Mpakani

Khalid Aucho, kiungo mkabaji aliyezoeleka katika klabu ya Yanga ya Tanzania kwa miaka kadhaa, hakuchomoza ghafla. Mzaliwa huyo wa Jinja, Uganda, alikuja kwanza Kenya, akachezea Tusker na baadaye Gor Mahia, iliyotwaa ubingwa wa 2015 bila kupoteza mechi hata moja. Kisha akapitia Afrika Kusini, Serbia, India na Misri kabla ya Yanga kumsajili 2021. Mchezo wake hauna mbwembwe: hushuka katikati ya mabeki, hugeuza shingo kuangalia nyuma kabla mpira haujamfikia, halafu huutoa kwa mguso mmoja au miwili. Utulivu huo hukomazwa na mechi za ushindani, msimu baada ya msimu, na hakuna msimu unaochezwa nchi ya ugenini bila usajili halali. Ndiyo maana naona kwamba kwa kijana wa Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kumbukumbu za usajili ni sehemu ya malezi ya kipaji sawa na mazoezi yenyewe.

Kuvuka mpaka kama msafiri na kuuvuka kama mchezaji ni mambo mawili. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, na katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi 2018, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Soka halijarahisishiwa hivyo. Mchezaji aliyesajiliwa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, hawezi kuingia ligi ya FKF, shirikisho la Kenya, mpaka hati ya uhamisho wa kimataifa itoke shirikisho moja kwenda jingine. Akiwa hajafika miaka 18, FIFA kwa kawaida humkatalia kabisa. Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo imewaachia mlango watu wa mpakani: nyumba ya kijana iwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, klabu vilevile, umbali kati ya nyumba na klabu usizidi kilomita 100, kijana aendelee kuishi kwao, na mashirikisho yote mawili yaridhie. Tororo, Malaba, Busia zote mbili na hata Bungoma zimo ndani ya vipimo hivyo; Jinja haimo. Kijana wa hapa ana nafasi ambayo Aucho hakuwa nayo utotoni.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuhangaika na jirani, ilhali McDonald Mariga na Victor Wanyama walikwenda Ulaya wakiwa vijana, mmoja akafika Inter Milan, mwingine Tottenham? Lakini Mariga mwenyewe ni ushahidi. Januari 2010, akiwa tayari anacheza Italia na Parma, uhamisho wake kwenda Manchester City ulikwama kwa sababu ya kibali cha kazi; Inter ikamchukua. Ikiwa mchezaji wa ligi kuu ya Italia alikwamishwa na karatasi, sembuse mtoto anayecheza ng'ambo kwa jina la mwenzake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kulegeza mpaka kutawapa mawakala matapeli nafasi ya kuwatorosha watoto shuleni. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo iliyozaa katazo la FIFA. Ila sharti la kuishi kwao humwacha kijana machoni pa wazazi na walimu wake. Matapeli hustawi penye njia za panya, pasipo na anayeandika lolote.

Linabaki swali la fedha, maana klabu nyingi za mitaani hazina kitu. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Uhamisho mwingi wa ukanda wetu huwa wa bure, kwa hiyo klabu isijenge bajeti juu ya fungu hilo. Lakini likija, litakwenda kwa klabu iliyosajili, si kwa iliyofundisha kwa mdomo tu. Kocha wa Malaba asisubiri Nairobi wala Kampala: amsajili kila kijana kwa jina lake halisi na tarehe yake ya kuzaliwa, msimu kwa msimu, kisha ayadai mashirikisho mawili ridhaa ambayo kanuni tayari inaitambua.