PS2 Moja Ina Wachezaji Wangapi?

Daftari lenyewe ni la shule, jalada limeng'oka. Kushoto kuna majina ya utani ya vijana. Mbele ya kila jina, vijiti vya kalamu vilivyofungwa vitanovitano. Kijiti kimoja ni mechi moja, na mechi moja ni sarafu ya shilingi 200. Utaratibu wa kibanda ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa, kisha anampisha wa kwenye benchi. Kwa maneno mengine, hiki ni kitabu cha vipigo. Bingwa wa kibanda, anayekalia kiti tangu saa nane mchana hadi giza, ana vijiti viwili tu wiki nzima.

"Ukilisoma bila kuja hapa, utadhani huyu mtoto hachezi," alisema mwenye kibanda, ambaye wateja wake wote humwita anko.

Tuko Izigo, wilayani Muleba. Mashine ni PS2 nyeusi aliyoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua ikiwa imeshatumika. Jicho la kusomea CD lilichoka zamani. Gemu sasa zimo kwenye flashi. Kwenye padi, alama ya mraba, kitufe cha shuti, imefutika yote, lakini ya duara inasomeka vizuri. "Krosi hawapigi hawa," alinieleza. "Kila mtu anataka afunge yeye."

Ubishi ulioniweka pale ulikuwa wa vijana wa benchi: mashine ipi imeuzwa zaidi duniani? Sony inasema PS2, iliyotoka mwaka 2000, imepita milioni 160. Nintendo DS, gemu la mkononi la mwaka 2004, iliishia milioni 154. Tofauti si kubwa, na benchi lilikuwa tayari kumtangaza mshindi. Anko akakataa mashindano yenyewe.

"DS ni mswaki, mwandishi. Wewe na mdogo wako mtatumia mswaki mmoja? Kila mtu anunue wake. Sasa hii yangu wameshika wangapi? Kule kiwandani wameiandika moja."

Hoja yake ina uzito kuliko anavyoisema. Nyumba yenye watoto watatu iliweza kununua DS tatu, na ilipotoka DS Lite mwaka 2006, ikanunua tena, zote zimehesabiwa. PS2 ilikaa chini ya runinga ya sebuleni, ikatosha ukoo. Halafu ikauzwa mkononi, ikavuka bahari, ikauzwa tena, bila hata moja ya mauzo hayo kuingia kwenye hesabu za Sony. Takwimu za mauzo, kama daftari lake, zinamjua aliyetoa hela. Aliyecheza hazimjui.

Lakini nilimkumbusha kwamba wapo walionunua PS2 kwa sababu ilikuwa pia deki ya DVD, wakaangalia sinema na padi hawakuigusa. Nao wamo kwenye zile milioni 160. Alifikiri kidogo. "Hao watoeni," akasema, na sikupata jibu la nani wa kuwatoa, wala kwa njia gani.

Switch inaharibu mizani kabisa. Ilitoka Machi 2017: ukiiweka kwenye kitako chake inacheza kwenye runinga, ukiichomoa unaondoka nayo. Mwaka 2019 ikaja Switch Lite, isiyoungika na runinga hata ufanyeje, na mauzo yake yakaingizwa kwenye jumla ileile ya Switch. Iwekwe upande wa nani?

Anko hakujali upande. Alitaka kujua kitu kimoja: umeme ukikatika, inaendelea? Nikamwambia inaendelea, ina betri. Akaguna kama mtu aliyepewa bei nzuri, maana umeme ukienda yeye hufunga na sarafu zinaishia hapo. Kisha nikamwonyesha ukubwa wa kioo kwenye simu yangu.

"Sasa hao wa benchi," akauliza, "wataona nini?"