Kuhamisha Viunzi Pamoja na Madokezo: Utangulizi kwa Anayeanza

Huenda jina la somo hili ni geni kwako, lakini kazi yenyewe unaijua. Yeyote aliyewahi kuandika tasnifu, ripoti ya mradi, mahubiri au hata bajeti ya arusi amewahi kuketi na kupanga: mambo makubwa yakatangulia, madogo yakawekwa chini yake, na hapa na pale yakaandikwa maelezo mafupi ya kumkumbusha mwandishi alichotaka kusema. Mpango wa namna hiyo nitauita kiunzi. Kila mstari wa kiunzi nitauita kichwa, na maelezo yaliyoambatanishwa na kichwa nitayaita dokezo. Ukiyashika maneno hayo matatu, mengine yote tutayapata njiani.

Kwenye kompyuta na simu zipo programu zilizotengenezwa mahususi kwa kuandikia viunzi. Humo unaweza kukunja sehemu usiyoihitaji kwa sasa ukabakiza kichwa chake tu, ukaikunjua baadaye, na ukisogeza kichwa kimoja, vyote vilivyo chini yake vinakifuata. Wazo hili lina umri. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani mfumo wake wa kompyuta, na mojawapo ya mambo aliyoonyesha lilikuwa orodha ya manunuzi ya nyumbani iliyopangwa kwa mafungu. Mwaka 1983 Dave Winer alitoa ThinkTank kwa ajili ya kompyuta za Apple II, na mwaka 1986 ikafuata MORE kwa Macintosh. Leo ziko nyingi: OmniOutliner, Workflowy, Dynalist, Org-mode, Logseq na nyinginezo, kila moja na watu wanaoipenda kwelikweli.

Wingi huo ndio unaozaa somo letu. Mtafiti hukusanya mambo yake kwa miaka, na katika miaka hiyo atabadilisha simu, atahama chuo, atapewa na mwajiri kompyuta ya aina nyingine, au programu aliyoizoea itaachwa na waliokuwa wakiitunza. Siku hiyo atataka kiunzi chake kimfuate. Vichwa kwa kawaida vitamfuata bila matata. Madokezo ndiyo yanayopotea. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo ninayotaka uielewe hadi mwisho wa maelezo haya, kwa kuwa ukiielewa utaweza kuhamisha karibu kiunzi chochote, hata kwa programu ambayo hujawahi kuisikia.

Tuanze na msingi. Chukua kiunzi kifupi kuhusu zao la karafuu Zanzibar:

Karafuu
    Unguja
        Kimbunga cha 1872
    Pemba

Wataalamu huita umbo hili mti. Kichwa kilicho juu ya kingine huitwa mzazi, kilicho chini yake huitwa mtoto, na vilivyo chini ya mzazi mmoja huitwa ndugu. Hapa “Karafuu” ni mzazi wa “Unguja” na “Pemba”, ambao ni ndugu. “Kimbunga cha 1872” ni mtoto wa “Unguja”. Kina cha kichwa, yaani idadi ya hatua kutoka juu hadi kukifikia, tutakiita ngazi. Sasa tazama jinsi kompyuta inavyohitaji kujua machache: ngazi ya kila kichwa, na kipi kinatangulia kipi. Mambo hayo mawili yakihifadhiwa, mti mzima unaweza kujengwa upya popote.

Programu zote za viunzi zinakubaliana kuhusu mti. Ndiyo maana njia ya kuhamisha iliyo rahisi kuliko zote inafanya kazi vizuri sana: maandishi matupu, yaani herufi peke yake bila rangi wala mitindo, ambapo ngazi huonyeshwa kwa kusogeza mstari ndani kwa kitufe cha Tab. Nakili mistari minne ile ikiwa imesogezwa hivyo, ibandike kwenye programu nyingine, na mara nyingi mti unasimama kama ulivyokuwa. Usiidharau njia hii kwa unyenyekevu wake. Faili la maandishi matupu litafunguka kwenye kompyuta yoyote, leo na miaka ishirini ijayo.

Lakini sasa ongeza dokezo. Chini ya “Kimbunga cha 1872” unataka kuandika kwamba kimbunga hicho kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku ile ya Pemba ikinusurika kwa sehemu kubwa. Utaiandika wapi sentensi hiyo? Ukiisogeza ndani kwa Tab, programu itakayoipokea itadhani ni kichwa mtoto, kwani haina namna ya kujua vinginevyo.

Nakuomba tukae kidogo hapa, maana wanafunzi wengi huchanganyikiwa mahali hapa na wana haki ya kuchanganyikiwa: kwenye skrini, mtoto na dokezo huonekana kama kitu kimoja. Vyote viko chini ya kichwa, vyote vimeandikwa kwa maneno. Tofauti yake ni ya hadhi ndani ya mti. Mtoto ana nafasi yake mwenyewe: ana ngazi, ana ndugu, anaweza kuzaa watoto wengine, na unaweza kumtoa pale ukampeleka chini ya mzazi mwingine. Dokezo halina ngazi wala ndugu. Ni mali ya kichwa chake, na linakwenda kinakokwenda. Mwandishi hutumia watoto kupanga hoja, na madokezo kuhifadhi malighafi: dondoo, takwimu, majina ya waliohojiwa, rasimu za aya.

Tatizo ni kwamba kila programu imejibu kwa namna yake swali la wapi dokezo likae. OmniOutliner na Workflowy zinalipa nafasi maalumu chini ya mstari wa kichwa. Freeplane, ambayo huchora kiunzi kama matawi yanayotoka katikati, inaliweka kwenye kidirisha chake tofauti. Katika Org-mode kichwa huanza kwa nyota, nyota moja kwa ngazi ya kwanza, mbili kwa ya pili, na maandishi yoyote yanayofuata chini yake bila nyota ndiyo dokezo. Markdown, namna ya kuandika ambayo John Gruber aliitangaza mwaka 2004, hufanya vivyo hivyo kwa alama ya #, ila ngazi zake za vichwa huishia sita. Logseq haina nafasi ya dokezo hata kidogo; kila aya humo ni tawi la mti lenye hadhi sawa na mengine.

Je, hakuna lugha moja ambayo nyingi ya programu hizi zinaifahamu? Ipo, na inaitwa OPML. Iliundwa mwaka 2000 na UserLand, kampuni ya Dave Winer yuleyule. Pengine umeshaitumia bila kujua, kwa sababu programu nyingi za kusikilizia podikasti huitumia kutoa orodha ya vipindi unavyofuatilia. Usiogope sura yake. Hiki hapa kipande cha kiunzi chetu jinsi kinavyoonekana ndani ya faili la OPML:

<outline text="Unguja">
    <outline text="Kimbunga cha 1872" _note="Kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa."/>
</outline>

Kisome polepole. Kila “outline” ni kichwa kimoja, na kichwa kilichofungwa ndani ya kingine ni mtoto wake. Jina lenye alama ya usawa na maneno ndani ya alama za kunukuu huitwa sifa. Sifa iitwayo “text” inabeba maneno ya kichwa, na sifa iitwayo “_note” inabeba dokezo.

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Sifa ya “text” imo katika kanuni rasmi za OPML, na kila programu inayosoma OPML inalazimika kuijua. Sifa ya “_note” haimo. Ni desturi iliyoenea kwa sababu programu kadhaa ziliifuata, zikiwemo OmniOutliner, Workflowy na Dynalist. Programu isiyoifahamu desturi hiyo haifanyi kosa lolote mbele ya kanuni: inasoma faili, inachukua vichwa, inajenga mti, na sifa isiyoijua inaipuuza. Haitakuonya. Utaona vichwa vyako vyote mahali pake, utaridhika, utalifuta faili la zamani, na miezi kadhaa baadaye utatafuta ile dondoo ya mzee uliyemhoji Pemba usiione. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika OPML, kwani madokezo ndiyo yaliyomgharimu mwandishi jasho zaidi.

Hata pale desturi inapofahamika kwa pande zote mbili, kuna mambo mawili madogo yenye madhara makubwa. La kwanza ni aya. OPML imejengwa juu ya XML, utaratibu mpana wa kuandika data kwa alama za mabano ya pembe, na kanuni za XML zinasema kwamba mstari mpya ukiandikwa wazi ndani ya sifa, msomaji ataugeuza kuwa nafasi ya kawaida. Dokezo lako la aya tatu litafika likiwa limeshikamana kama aya moja ndefu. Ili kukata mstari ndani ya sifa ni lazima iandikwe alama ya &#10; badala yake. Programu zilizotengenezwa kwa uangalifu hufanya hivyo zenyewe. Fungua faili uone kama yako ni mojawapo. La pili ni alama zenye kazi maalumu. Ukiandika “Unguja & Pemba” kwenye kichwa, alama ile ya katikati lazima igeuzwe kuwa &amp; ndani ya faili, na alama ya kunukuu lazima igeuzwe kuwa &quot;. Ukilihariri faili kwa mkono ukasahau, programu inaweza kulikataa lote. Hapo usiingiwe na hofu: kiunzi chako kimo humo kizima, ni alama moja tu inayozuia mlango.

Ikiwa unakotoka ni OPML na unakokwenda ni Markdown, au kinyume chake, kuna mkalimani mzuri ambaye ni vyema umfahamu mapema. Ni Pandoc, programu ya bure iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, na inaendeshwa kwa kuandika amri. Amri ya “pandoc karafuu.opml -o karafuu.md” inatosha: vichwa vinakuwa vichwa vya Markdown, na kilichomo ndani ya “_note” kinakuwa aya chini yake. Ukirudi upande wa pili, aya zinaingia tena ndani ya “_note”. Jihadhari na jambo moja: orodha yenye vidoti katika Markdown haigeuki kuwa watoto. Kwa Pandoc, vichwa pekee ndivyo matawi. Kama kiunzi chako chote ulikiandika kwa vidoti, kwanza kigeuze kiwe vichwa, au utumie njia ya Tab.

Ukishayazoea hayo, utakutana na vitu ambavyo mti wenyewe hauwezi kubeba. Baadhi ya programu zinakuruhusu kuonyesha kichwa kimoja mahali pawili kwa wakati mmoja; ukikirekebisha huku, na kule kinabadilika. Kichwa hicho kina wazazi wawili, na mti hauruhusu hilo, kwa hiyo ukihamisha kitageuka nakala mbili zisizojuana. Viungo vya kutoka kichwa kimoja hadi kingine navyo huendelea kuelekeza kwenye anwani za programu uliyoihama. Picha, safu za majedwali na alama za kazi iliyokamilika hutegemea kama pande zote mbili zina desturi moja. Hapa hakuna dawa ya jumla. Ninachopendekeza ni uyaandike kwa maneno mambo hayo kabla ya kuondoka, kwa mfano “tazama pia Kimbunga cha 1872”, kwa kuwa maneno husafiri salama kuliko kitu kingine chochote.

Na kama unakokwenda hakuna nafasi ya dokezo kabisa? Basi yageuze madokezo yawe watoto, lakini kila moja ulianzishe kwa alama ambayo hutumii kwingine, mathalani “DK:”. Siku ukitaka kuyarudisha, utatafuta alama hiyo na kuyapata yote.

Kwa zoezi lako la kwanza, tengeneza kiunzi kidogo cha majaribio. Kiwe na ngazi saba, dokezo moja la aya mbili, kichwa chenye alama ya &, na dokezo lenye maneno ndani ya alama za kunukuu. Kitoe kama OPML, kiingize kwenye programu mpya, kisha kitoe tena kutoka huko. Fungua mafaili yote mawili kwa programu ya maandishi matupu, utafute “_note” katika kila moja na uhesabu. Hesabu zikilingana, soma dokezo la aya mbili uone kama bado ni mbili. Likiwa zima, hamisha kazi yako halisi, na faili la mwanzo ulihifadhi mahali tofauti bila kuligusa.