Nani Alipie Matibabu? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliziacha Uingereza, ambako tangu Julai 1948 mgonjwa humwona daktari bila kutoa pesa mfukoni, na Marekani, ambako bili ya hospitali huweza kumfilisi mtu mwenye kazi yake. Wabishi wetu hupenda kuzishindanisha nchi hizo mbili kana kwamba sisi hatuna historia. Tunayo. Tanzania imeonja njia zote mbili, na waliozionja bado wapo hai.

Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, ilitungwa sheria ya kuzuia hospitali za kujipatia faida. Hoja ilieleweka hata na asiyesoma: ugonjwa wa mwenzako usiwe mtaji wako. Hospitali za mashirika ya dini ziliachwa, zahanati na vituo vya afya vikajengwa hadi vijijini, na matibabu yakawa bure. Jema hilo tusilibeze. Wengi wetu tulichanjwa katika zahanati hizo. Lakini uchumi wa miaka ya 1980 ulipoyumba, majengo yalibaki na dawa zikaadimika. Mgonjwa akaandikiwa cheti, akaambiwa akanunue nje. Alilipa vilevile, ila sasa alilipa akiwa amesimama juani.

Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, na kuanzia 1993 hospitali za serikali nazo zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Hospitali za biashara zikachipua Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Huko mashambani hazikufika, wala sioni sababu ya kuzilaumu: hakuna afunguaye duka pasipo na wanunuzi. Lawama ni ya aliyedhani soko litafika lenyewe hadi kijijini.

Katikati ya marufuku na soko kuna kitu ambacho wabishi hukiruka. Chukua Bugando, Mwanza. Ni hospitali ya maaskofu Wakatoliki. Serikali iliitwaa mwaka 1972, ikairejesha 1985 kwa makubaliano. Mwenye mali ni Kanisa, wafanyakazi wengi hulipwa mshahara na serikali, na hadhi yake ni rufaa ya kanda nzima ya Ziwa. Aliyelazwa pale ukimuuliza yuko hospitali ya serikali au ya binafsi, atakushangaa. Ndivyo zilivyo pia hospitali teule: wilaya isiyo na hospitali yake hukubaliana na ya kanisa iliyopo, serikali ikatia fedha na watumishi, wananchi wakatibiwa humo. Mpango huo hauna mvuto jukwaani, lakini umeokoa watu wengi kuliko hotuba.

Una udhaifu wake. Ruzuku ikichelewa, hospitali teule hurudi kwa mgonjwa na kumdai. Na pale mlipaji na mtoa huduma wasipoelewana juu ya bei, anayeumia ni wa tatu. Tuliona Machi 2024: kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Watu wenye kadi halali, waliokatwa mshahara kila mwezi, wakajikuta wanahangaika. Ubishi haukuhusu mwenye jengo. Ulihusu bei.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hospitali iwe ya yeyote anayefuata masharti, lakini malipo ya maskini yawe mzigo wa serikali, yalipwe kwa wakati na kwa bei iliyokubaliwa mapema. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka wasio na uwezo wagharimiwe. Bila fedha, kifungu hicho ni karatasi.

Msomaji, mbunge wako akija kukuahidi jengo jipya, mpokee, kisha muulize: fungu la wasio na uwezo mwaka huu ni kiasi gani, na limetolewa lini?

(Itaendelea)