Randa kuukuu kabla haijafika kwenye mizani

Mnunuzi wa vyuma chakavu hana kosa. Mizani yake inapima kilo, naye analipa kilo. Randa ya seremala aliyestaafu, jiriwa iliyovunjika mkono, pangaboi lililoungua na vipande vya nondo huingia gunia moja, hupanda mkokoteni mmoja na kuishia tanuri moja. Kosa, kama lipo, ni la sisi wauzaji. Tunaposafisha stoo ya mzee hatutofautishi chuma ambacho thamani yake ni uzito tu na chuma ambacho mtu alikipasha moto, akakikaza na kukinoa mpaka kikaweza kunyoa ubao wa mninga.

Upande wa pili yupo mtu mwenye kibanda uani na hamu ya kushika mbao siku za mapumziko. Anataka kutengeneza kigoda, rafu ya vitabu, au kuikarabati meza ya mama yake. Mara nyingi hudhani hawezi kuanza bila mashine za umeme, ilhali zana anazozihitaji zinapita mlangoni kwake. Anachokosa ni jicho la kuzitambua. Nitaichukua randa ya chuma kuwa mfano, kwa sababu ndani ya chombo hicho kimoja mna chuma cha kusubu, pua, shaba, mti na maandishi ya kiwanda. Anayeweza kuikagua randa hatapata taabu na patasi, msumeno wala tezo.

Namba zilizoenea duniani

Kwa karne nyingi randa ilikuwa gogo dogo la mti mgumu lenye kisu kilichobanwa kwa kabari. Kurekebisha kina kulitaka nyundo na uzoefu: gonga kisu kishuke, gonga kisogo cha gogo kisu kirudi. Mmarekani Leonard Bailey, kwa hataza alizozipata katika miaka ya 1850 na 1860, aliondoa usumbufu huo kwa skurubu na gurudumu dogo ambalo fundi hulizungusha kwa kidole huku randa ingali mkononi. Mwaka 1869 biashara yake ilinunuliwa na Stanley Rule and Level Company ya New Britain, jimbo la Connecticut, na muundo huo ndio uliotapakaa.

Kila ukubwa ulipewa namba. Namba 4, yenye urefu wa inchi 9 hivi, ni ya kulainisha uso wa ubao. Namba 5, inchi 14, ni ya kazi za kila namna. Namba 7, inchi 22, hunyoosha ubavu wa ubao kabla ya kuunganisha. Urefu huo una kazi. Randa fupi hufuata mabonde na vilima vya ubao, ikavilainisha vyote viwili. Randa ndefu huyaruka mabonde na kukata vilima peke yake, mpaka ubao unyooke. Anayeanza na randa moja achukue namba 5.

Mwaka 1931 kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, Uingereza, ilianza kuuza randa za muundo huo huo kwa jina la Record, ikatanguliza sifuri: 04, 05, 07. Kwa nchi zilizotawaliwa na Waingereza, si ajabu kulikuta jina la Sheffield kwenye sanduku la fundi wa zamani.

Waingereza wenyewe walipoanza kuzitupa zana hizi kwa ajili ya mashine, wapo walioona mbali. Shirika la Tools for Self Reliance, lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuweka makao yake Netley Marsh, karibu na Southampton, lilikusanya zana za mikono kutoka stoo za wazee wa huko. Watu wa kujitolea walizisafisha na kuzinoa, kisha zikasafirishwa kwenda kwa mafundi wa Afrika, wa Tanzania wakiwamo. Wakati makontena yalipokuwa yakishusha randa zilizofufuliwa, randa za aina ile ile zilikuwa zikitoka kwenye stoo zetu kwenda kuyeyushwa.

Maandishi yanasema nini

Kabla ya kusugua chochote, futa vumbi kwa kitambaa na usome. Kwenye kitanda cha randa nyingi za Stanley, nyuma ya kisu, kuna tarehe za hataza. Ukiona tarehe tatu, ya mwisho ikiwa APR-19-10, yaani tarehe 19 Aprili 1910, usitangaze kwamba randa yako ni ya 1910. Tarehe ya hataza inakuhakikishia jambo moja tu: chombo hakikutengenezwa kabla ya siku hiyo. Wakusanyaji wanaofuatilia mabadiliko madogo ya muundo huziweka randa zenye tarehe hizo tatu kati ya 1910 na 1918.

Kwenye visu na patasi za Uingereza utakuta maneno CAST STEEL, nayo yamewapotosha wengi. Hayahusu chuma cha kusubu cha mwili wa randa. Yanahusu pua iliyoyeyushwa ndani ya chungu, mbinu iliyoendelezwa na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740. Huntsman alikuwa mtengeneza saa aliyechoshwa na springi zenye pua isiyolingana, na majaribio yake ndiyo yaliyoipatia Sheffield pua safi ya zana. Alama ya mshale mpana wenye mistari mitatu ni ya mali ya serikali ya Uingereza.

Alama ya nne ni ile iliyogongwa na fundi mwenyewe: herufi za jina lake kwenye mpini au ubavuni. Usiifute kwa msasa. Ikiwa ni nembo ya shirika au taasisi, uliza imetokaje huko kabla ya kutoa pesa. Soko la vyuma chakavu lina mali za wizi, na shauku ya mkusanyaji si utetezi mbele ya polisi.

Ukaguzi wa dakika tano

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa zana kuukuu usemi huo uweke kando. Hapa asiyechagua hujaza kibanda takataka.

Anza na mwili. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, kwa hiyo ni kigumu lakini hakivumilii kuanguka. Tazama pembe za mdomo, pale kisu kinapotokeza chini, na ubavu wa karibu yake. Ufa hapo ni sababu ya kuiacha randa, hata kama mchomeleaji anaahidi kuuziba. Chuma hiki kikipashwa moto sehemu moja hujivuta kinapopoa na kupasuka pembeni mwa kiraka.

Hamia kwenye kisu. Kwanza urefu: kisu kilichonolewa miaka mingi kinaweza kuwa kimebaki kifupi mno, na katika visu vya kale pua ni tabaka jembamba lililounganishwa juu ya chuma laini, hivyo huenda sehemu ya kukata imekwisha. Pili, geuza upande bapa. Vishimo vya kutu karibu na ukingo ni vibaya kuliko kutu iliyofunika mwili mzima, kwa sababu ukinoa hadi kwenye kishimo utapata pengo kwenye makali. Tatu, pitisha pembe ya tupa karibu na ukingo. Ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, ugumu upo. Ikichimba kirahisi, ugumu umepotea.

Ugumu hupotea kwa joto. Pua ya zana hukazwa kwa kupashwa moto hadi iwe nyekundu, kiasi cha nyuzi joto 800, na kuzimishwa ghafla. Kisha hupashwa tena taratibu hadi nyuzi 200 na ushei, rangi yake ikawa manjano kama majani makavu, ili isivunjike ovyo. Mtu mwenye haraka na grainda ya umeme huivusha hadi nyuzi 300 hivi, ukingo ukawa wa buluu. Buluu hiyo ni taarifa kwamba hapo hapatashika makali. Dawa ni kusaga polepole, ukichovya majini kila mara, mpaka uipite sehemu iliyoungua.

Mpini uliovunjika usikutishe. Mipini mingi ya Stanley za zamani ilichongwa kwa mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, ambao biashara yake ya kimataifa imezuiwa tangu 1992. Ndugu yake, Dalbergia melanoxylon, ni mpingo wetu. Kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachongaji kinatosha kitasa cha mbele cha randa. Kwa nyundo na shoka, hata hivyo, tafuta mti wenye nyuzi ndefu zilizonyooka unaonyumbuka kidogo, maana mpingo ni mzito na haupendi kishindo.

Kutu na magadi

Kutu ya juu juu hutoka kwa siki. Zamisha vipande vya chuma usiku mmoja, visugue kwa brashi, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, vikaushe papo hapo na kuvipaka mafuta. Ukivisahau humo siku kadhaa, asidi ikimaliza kutu itakula chuma chenyewe.

Kutu nzito ina njia bora zaidi, na malighafi yake iko kwetu. Katika ndoo ya plastiki koroga magadi meupe safi, kijiko cha chakula kwa kila lita 4 za maji. Usitumie ya mawe, ambayo huja na chumvi na tope, kwani chumvi ndani ya maji yenye umeme hutoa klorini. Ning'iniza zana iliyovuliwa mbao zote na uifunge waya hasi wa chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya chanya ufunge kipande cha chuma cha kawaida, visigusane. Umeme ukipita, vipovu hutoka kwenye zana, kutu hulegea na kugeuka masizi meusi yanayofutika, na chuma kizima hakiliwi. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa sababu vipovu hivyo ni haidrojeni. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Wala usifunge kwenye chanya kijiko au bomba la chuma kisichoshika kutu, kwani hutoa kemikali za kromiamu zenye sumu.

Rangi ya zamani usiisugue kavu. Huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto. Rangi nyeusi ya kiwandani iliyobaki kwenye randa iache. Kazi yako ni kuzuia uharibifu usiendelee. Kwa wakazi wa pwani, ambako upepo una chumvi, tone la oili ya cherehani kwenye kitambaa kila baada ya kazi linafaa kuliko usafishaji mkubwa wa mara moja kwa mwaka.

Makali kwanza, mng'aro baadaye

Bandika msasa juu ya kioo kinene, chora penseli uso wote wa chini wa randa, kisha isugue kisu kikiwa ndani lakini kimerudishwa juu. Alama zikifutika mbele, nyuma na kuzunguka mdomo, inatosha. Kisu kipe kwanza upande bapa uliolala vizuri kwenye kinoo, halafu pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Noa mpaka uhisi kijiuzi chembamba cha chuma upande wa pili, ukiondoe, urudie kwa jiwe laini zaidi.

Juu ya kisu kuna bamba la pili lililopinda. Wengi huliona la kushikilia tu. Likikaa milimita 1 au pungufu kutoka kwenye makali, hukunja maranda yanayotoka na kuyavunja kabla hayajang'oa nyuzi mbele ya kisu. Mvule na mkangazi ina nyuzi zinazopishana, na bila mpangilio huo utapata uso wenye mashimo hata kwa kisu kikali.

Zana zisizo na jina

Mkusanyaji wa hapa akiwinda majina ya Sheffield peke yake atakosa nusu ya hazina. Nungwi kule Unguja na Matondoni katika kisiwa cha Lamu, waundaji wa majahazi wamefanya kazi kwa tezo na keekee. Keekee huzungushwa kwa upindi, hivyo ncha yake hukata ikienda na ikirudi, nayo hutangulia msumari ili ubao usipasuke. Tezo nyingi hazina nembo yoyote. Wahunzi wetu hufua zana kutoka springi za magari, pua yenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 inayokubali kukazwa. Zipime kwa tupa ile ile na macho yale yale. Tena mara nyingi yupo mtu wa kukueleza nani alizifua na kwa kazi gani. Andika maelezo hayo kabla hajasahau.

Randa ikishakata maranda membamba, ipe kazi. Kazi nzuri ya kuanzia ni mlango wa nyumbani uliovimba wakati wa masika ukakataa kufunga. Tia alama pale unapogusa fremu, punguza kidogo tu na ujaribu tena, kwa maana mti huo huo utasinyaa kiangazi, na aliyekata kwa hasira mwezi wa Aprili atatafuta kipande cha kuziba mwanya mwezi wa Septemba.