MGONJWA WA AKILI NAYE ANA NAFASI KIJIJINI

Mtu akivunjika mguu hapa Kituntu, majirani huja. Wanakaa naye, wanamletea ndizi na maharage, wanamsaidia kuchuma kahawa yake. Lakini mtu akiugua akili mambo hugeuka. Majirani hupita mbali. Watoto humrushia mawe. Mwishowe ndugu zake humfungia ndani. Je, wote wawili si wagonjwa? Kwa nini mmoja apate watu na mwingine apate upweke? Leo tuzungumze jambo hili.

Kijiji anavyokiona mgonjwa

Sisi tulio wazima, njia ya kwenda kisimani ni njia tu. Kwa mgonjwa sivyo. Tuchukue mfano wa mama aliyeugua akili baada ya kujifungua. Usiku halali. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Akifika kisimani, wenzake wananyamaza. Anaona kuwa wanamsema, na pengine ni kweli walikuwa wanamsema. Kesho yake anachelewa kwenda ili asiwakute. Siku ya tatu haendi kabisa.

Gulioni nako anaacha kwenda, maana makelele yanamchanganya. Kwenye ibada anakaa nyuma, karibu na mlango. Basi kijiji chake kinapungua siku hadi siku. Kinabaki kibanja chake, halafu nyumba, halafu chumba kimoja. Mama huyu hakuhama, lakini hana tena mahali kati ya watu.

Lakini pengine pako mahali panapompa nafuu. Labda ni kivuli cha migomba, au jikoni kwa dada yake. Hapo anamenya ndizi, na hakuna anayemwuliza maneno mengi. Ndugu wasomaji, tusimwondoe mahali kama hapo.

Kamba haiponyi

Ugonjwa wa akili hauambukizi. Ukikaa na mgonjwa au ukila naye, huupati. Sababu zake ni nyingi. Wengine wamerithi katika ukoo. Wengine waliumia kichwa, au malaria kali iliwapanda kichwani. Kuna wanaougua kwa sababu ya uzazi, au msiba mzito. Pombe nyingi na bangi nazo huharibu akili.

Mgonjwa akifungwa kamba au mnyororo, hofu yake huzidi. Anapata vidonda, viungo vinakakamaa, na ugonjwa unabaki palepale. Hata hivyo tusiwalaumu ndugu zake upesi. Wengi si wakatili. Wanaogopa asipotee porini au asichome nyumba, na wao shamba linawangoja. Taabu yao ni ya kweli. Ndiyo maana mzigo huu usiachiwe nyumba moja.

Wenzetu walivyofanya

Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu mwaka 1927, na mpaka leo inatibu wagonjwa wa akili. Lakini kutoka Karagwe au Kyerwa ni mbali sana. Mgonjwa akipelekwa huko, ndugu hawawezi kumtembelea mara kwa mara. Akirudi anaweza kukuta nafasi yake nyumbani imeshazibwa.

Huko Nijeria, mwaka 1954, Daktari Thomas Lambo alijaribu njia nyingine mahali panapoitwa Aro. Wagonjwa walipanga katika nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumtunza. Walipata matibabu hospitalini, na walifanya kazi mashambani pamoja na wanakijiji. Hapa Tanzania pia, baada ya Uhuru, vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kama vile Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam.

Na huko Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Bibi hukaa kwenye benchi nje ya kliniki, mwenye majonzi huja kukaa kando yake, wakaongea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosaidiwa na akina bibi hawa walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Kumbe benchi na mtu wa kusikiliza vinaweza kusaidia! Benchi si tunaweza kulitengeneza wenyewe?

Sasa tufanyeje?

1. Tumpeleke mgonjwa zahanati mapema. Wakishindwa, watamtuma hospitali. Asiyelala siku nyingi, anayekataa kula, au anayesema heri afe, asingojewe hata siku moja, wala asiachwe peke yake.

2. Akipewa dawa, azimeze kama alivyoambiwa. Asiziache kwa kuwa ameona nafuu. Amwulize mganga wa zahanati kwanza.

3. Majirani tupeane zamu. Leo wewe ukae naye, kesho mimi, ili ndugu zake waende shamba.

4. Tumpe kazi anayoiweza: kuanika kahawa, kuchambua maharage, kuchunga mbuzi pamoja na mwenzake. Kazi humrudisha kati ya watu.

5. Tumwite kwa jina lake. Tuwakanye watoto wanaomtania na kumrushia mawe.

6. Akiwa mkali, tusimpige. Tuondoe panga na jembe karibu yake, tuseme naye polepole, na tumwite mhudumu wa afya na mwenyekiti wa kitongoji.

Ndugu wasomaji, mgonjwa wa akili haombi mengi. Anataka akifika kisimani, mtu amsalimie na kusogeza ndoo ili naye ateke maji. Kesho ukimkuta njiani, usipite kando. Msalimie. Na habari hii msomee jirani ambaye bado hajui kusoma.